Nyumba ya klasiki mamboleo Ugiriki: ununue iliyokarabatiwa, gofu, au ghorofa moja?

Anayetafuta nyumba ya mjini ya karne ya 19 huko Ugiriki, iwe Ermoupoli kisiwani Syros, Nafplio au mtaa wa Plaka chini ya Akropoli, hukutana na matangazo ya aina tatu. Kuna nyumba nzima iliyokwisha kukarabatiwa, ambayo mnunuzi anaweza kulala humo siku anayopewa funguo. Kuna gofu, yaani kuta na mlango mzuri wa marumaru, huku paa likiwa limeanguka au liko mbioni kuanguka. Na kuna ghorofa moja ndani ya nyumba kubwa iliyogawanywa baina ya wamiliki kadhaa. Picha za mbele hufanana sana, lakini anachobebeshwa mnunuzi ni tofauti kabisa.

Mtindo wenyewe, unaoiga majengo ya Ugiriki ya kale, ulienea baada ya mji mkuu kuhamishwa kutoka Nafplio kwenda Athens mwaka 1834. Stamatios Kleanthis na Eduard Schaubert walichora ramani ya mji mpya, ndugu wawili Christian na Theophil Hansen wakajenga Chuo Kikuu na Akademia, na baadaye Ernst Ziller akasanifu majengo mengi, likiwemo jumba la manispaa la Ermoupoli. Wafanyabiashara na manahodha wakaiga kwa kipimo chao: uso wa nyumba wenye ulinganifu, nguzo bapa pembeni, roshani ya marumaru juu ya mlango, na vigae vya urembo vya udongo wa kuchoma viitwavyo akrokeramo vikipanga ukingo wa paa. Athens ilipoteza nyingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, pale wenye viwanja walipowapa wajenzi ardhi ili walipwe kwa fleti. Zilizobaki nyingi zimeorodheshwa na serikali na zinalindwa kisheria, na ulinzi huo unagusa kila uamuzi wa mnunuzi.

Vigezo vya kupimia

Kila chaguo hapa linapimwa kwa mambo matano: mwili wa nyumba (kuta, paa, sakafu, roshani), karatasi, pesa na muda, maisha ya kila siku, na aina ya mnunuzi anayefaidika. Mwonekano haumo. Rangi ya manjano ya udongo na dari yenye michoro huweza kumfanya mtu mwenye akili timamu asahau kuuliza nyumba ilitiwa nini ndani ya kuta.

1. Nyumba nzima iliyokarabatiwa

*Mwili wa nyumba.* Neno "imekarabatiwa" katika tangazo halisemi lini, na nani, wala kwa vifaa gani. Kuta za nyumba hizi kwa kawaida ni za mawe yasiyochongwa yaliyoshikwa kwa chokaa, zenye unene wa sentimita 60 hadi 80 chini. Ghorofa za juu huwa na kuta za ndani za fremu ya mbao na fito zilizopigwa lipu. Ukuta wa namna hii hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa kupitia chokaa. Fundi aliyeupiga lipu ya saruji ameziba njia hiyo. Maji hupanda zaidi yakitafuta pa kutokea, chumvi hukusanyika nyuma ya lipu, na baada ya misimu michache lipu huachia ukuta vipande kwa vipande.

Kwa hiyo anza chini. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole kutoka sakafuni hadi kimo cha kifua. Mlio wa mvungu unaonyesha lipu imeachana na jiwe. Tafuta unga mweupe kwenye pembe na nyuma ya kabati. Ukiona mita moja ya chini imepakwa rangi mpya na sehemu ya juu ina rangi ya zamani, umeonyeshwa tatizo bila mwenyewe kukusudia. Kama unaweza, itazame nyumba kati ya Novemba na Machi, baada ya mvua, kwa sababu Agosti kila nyumba ya Ugiriki ni kavu. Visiwani, uliza pia kama kuna birika la maji ya mvua chini ya sakafu. Nyumba nyingi za zamani zilikuwa nalo, na birika lililopasuka hulowesha ukuta mwaka mzima.

Kisha panda darini ukiwa na tochi. Hapa ndipo ukarabati mzuri unapotofautiana na wa kupaka poda. Kenchi na boriti za zamani zikiwa nzima, mbao mpya zikionekana zilipounganishwa na za kale, na vyuma vya kufunga kuta vikiwa vimepita kutoka upande hadi upande, kazi ilifanywa na mtu anayeelewa matetemeko ya ardhi. Ukikuta bamba la zege limemwagwa juu ya kuta za mawe, usiendelee bila mhandisi wa miundo. Ukarabati wa miaka iliyopita mara nyingi ulibadilisha sakafu za mbao kwa zege ukidhani unaimarisha. Matokeo yake ni uzito mkubwa juu ya ukuta dhaifu. Ardhi ikitikisika, bamba gumu huusukuma ukuta nje. Siku hizi wahandisi wengi huacha sakafu ya mbao, wakaikaza kwa safu ya pili ya mbao na kuifunga ukutani kwa nanga za chuma, huku mapengo ndani ya ukuta yakijazwa kwa uji wa chokaa unaosukumwa kwa pampu taratibu.

Ncha za boriti zilizozama ukutani ndizo huoza kwanza, kwa kuwa ndipo unyevu unapokaa. Choma kwa msumari mrefu au bisibisi nyembamba: mbao nzima hukataa, iliyooza humeza. Vitundu vidogo vyenye unga mpya chini yake maana yake bungua bado wako kazini.

Roshani nayo ichunguzwe kutoka chini. Bamba la marumaru hukaa juu ya mabano ya marumaru, na vyuma vya ukingo vimezamishwa ndani ya jiwe. Chuma kikishika kutu huvimba na kulipasua jiwe. Ufa unaoanzia kwenye shimo la chuma ni hatari kwa anayesimama juu na anayepita chini, hata kama rangi ya vyuma inang'aa.

*Karatasi.* Hapa aliyekarabati vizuri hujitambulisha. Omba kibali cha ujenzi kutoka ofisi ya manispaa ya majengo (YDOM), idhini ya Wizara ya Utamaduni au Wizara ya Mazingira kulingana na iliyoiorodhesha nyumba, michoro iliyoidhinishwa, picha za kazi ikiwa inaendelea, na tamko la fundi umeme aliyefunga mfumo. Chini ya sheria namba 4495 ya mwaka 2017, uuzaji haukamiliki bila cheti cha mhandisi kwamba hakuna ujenzi haramu. Bafu lililoongezwa uani au dirisha lililopanuliwa bila kibali katika jengo linalolindwa ni vigumu kulihalalisha kuliko kwenye fleti ya kawaida, na wakati mwingine dawa pekee ni kubomoa.

*Pesa na muda.* Unalipa bei kubwa mara moja, lakini unajua jumla. Juu ya bei kuna kodi ya uhamisho ya 3% ambayo pamoja na nyongeza ya manispaa hufika 3.09%, ada za notari, wakili, usajili na mhandisi, na ya wakala, ambayo mara nyingi ni 2% pamoja na VAT ya 24%. Baada ya hapo kuna ENFIA, kodi ya mali ya kila mwaka. Karatasi zikiwa sawa, kuhamia ni suala la wiki au miezi michache.

*Maisha ya kila siku.* Dari za mita 3.5 hadi 4.5 hupendeza kiangazi na hula moto wa kupashia kipindi cha baridi. Kuta haziwezi kuvishwa kizuia-joto kwa nje kwa sababu kingefunika nguzo bapa na urembo wa ukingo. Kwa hiyo akiba ya nishati hupatikana juu ya dari, chini ya sakafu, na kwenye madirisha ya mbao yenye vioo viwili. Madirisha ya alumini kwa kawaida hayaruhusiwi, na mashine ya kiyoyozi haitundikwi kwenye uso wa mbele. Tenga fedha za kupaka upya mbao za nje kila baada ya miaka michache. Chumvi ya bahari haisamehe.

*Inamfaa* anayetaka kuishi humo mapema, asiyeweza kusimamia kazi kutoka mbali, na aliye tayari kuheshimu uchaguzi wa aliyemtangulia. Anayeota kubomoa ukuta ili apate jiko la wazi atavunjika moyo, hasa kama mambo ya ndani nayo yameorodheshwa.

2. Gofu

*Mwili wa nyumba.* Ubaya wa gofu uko wazi, na hilo ni faida. Hakuna lipu mpya inayoficha. Ukuta uliofumuka tumbo nje unaonekana, ncha ya boriti iliyooza imening'inia, na unaweza kuona kama mawe ya pande mbili za ukuta yamefungwa pamoja au yameachana katikati na kujaa vumbi. Adui mkubwa ni muda: paa likishafunguka, kila msimu wa mvua huosha chokaa kutoka kati ya mawe kuanzia juu kwenda chini.

Kazi ina mpangilio ambao haurukwi. Kwanza nguzo za kushikilia kuta na kifuniko cha muda juu. Pili kifusi, kinachoondolewa kwa mkono, kwa sababu ndani yake hupatikana akrokeramo, vipande vya mabano ya marumaru na mbao za urembo zinazoweza kunakiliwa. Tatu kuta: kujaza viungo kwa kina, uji wa chokaa, vyuma vya kufunga. Nne paa, tano sakafu, kisha madirisha, mabomba na nyaya. Mwisho lipu ya chokaa ya tabaka tatu, jumla ya sentimita 2 hadi 3, kila tabaka likipewa muda wa kushika kabla ya linalofuata. Lipu hii haipigwi kwenye baridi kali wala kwenye jua la mchana bila kufunikwa na kuloweshwa. Mkandarasi anayeahidi kuimaliza kwa wiki moja atatia saruji.

*Karatasi.* Gofu mara nyingi limebaki gofu kwa sababu ya warithi. Nyumba moja inaweza kuwa na wamiliki wanane wenye hisa zisizogawanywa, wawili wakiwa Australia na mmoja amefariki bila mirathi kufunguliwa. Ununuzi wa hisa chache haukupi nyumba. Wakili afuate mlolongo wa hati na ahakikishe kilichoandikwa kwenye Ktimatologio, daftari la taifa la ardhi, kinalingana na uwanja wenyewe.

Kisha soma uamuzi wa kuorodheshwa, uliochapishwa kwenye gazeti la serikali. Baadhi hulinda uso wa nje tu. Baadhi hutaja ngazi, dari zenye michoro na mpangilio wa vyumba. Tofauti hiyo ndiyo mpaka wa ndoto yako. Kuchimba ni suala jingine: katika Plaka na mji mkongwe wa Nafplio, kuteremsha sakafu au kuchimba shimo la tangi huhitaji usimamizi wa mamlaka ya mambo ya kale, na kikipatikana kitu, kazi husimama.

*Pesa na muda.* Bei ya kununua ni ndogo, na bei hiyo ndiyo sehemu ndogo ya gharama. Tenga angalau robo ya bajeti ya kazi kwa yasiyotarajiwa. Ukuta wa nyuma ambao hukuuona vizuri utaidai. Idhini huweza kuchukua miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, kisha kazi yenyewe mwaka mmoja hadi miwili. Benki husita kukopesha juu ya jengo lisilo na paa. Visiwani kila mfuko wa chokaa huja kwa meli, na kwenye mitaa ya ngazi hubebwa kwa mikono au kwa nyumbu. Mwambie mkandarasi aandike usafirishaji huo kama kipengele chake katika makadirio, la sivyo utaibuka baadaye.

*Maisha ya kila siku.* Hakuna, kwa miaka miwili au zaidi. Baadaye unapata nyumba ambayo kila bomba unalijua linapopita, na picha za kila tabaka la ukuta. Usizipoteze: atakayenunua kwako ataziomba.

*Inamfaa* mwenye subira, mwenye fedha mkononi zisizotegemea mkopo, na mwenye mhandisi wa pale pale aliyewahi kufanya kazi ya mawe na chokaa. Aliyejenga maghorofa ya zege pekee, hata akiwa hodari, si mtu wa kazi hii.

3. Ghorofa moja ndani ya nyumba iliyogawanywa

*Mwili wa nyumba.* Ghorofa ya kwanza juu ya ile ya chini ndiyo iliyokuwa ya wageni na karamu: dari ndefu kuliko zote, roshani ya marumaru, michoro. Ya chini hubeba unyevu wa ardhi. Ya juu kabisa hubeba paa. Wewe utakagua chumba chako, lakini hatari iko kwenye sehemu usizouziwa, kwa hiyo mhandisi lazima aingie darini na ghorofa ya chini hata kama wewe unanunua katikati. Angalia bomba la bafu la jirani wa juu linapita wapi. Likipita juu ya dari yenye michoro, siku litakapovuja hakuna fundi atakayeirudisha ilivyokuwa.

*Karatasi.* Umiliki wa ghorofa moja moja unatokana na sheria namba 3741 ya mwaka 1929. Hati ya kuanzisha mgawanyo hutaja kila sehemu na mgawo wake katika elfu: jumla ya jengo ni 1,000, na ghorofa yako inaweza kuwa 280. Mgawo huo huamua mchango wako wa paa na sauti yako kwenye maamuzi. Soma kama ua, stoo ya chini na nafasi ya darini ni vya wote au vimepewa mmoja. Nyumba ndogo za wamiliki watatu mara nyingi hazina kanuni za uendeshaji wala mfuko wa akiba, na mmoja asipokubali kutengeneza paa, wengine wawili huishia kwa wakili.

*Pesa na muda.* Ni mlango wa bei nafuu zaidi wa kuingia jengo zuri, na kodi za ununuzi hukokotolewa kwa njia ileile. Kabla ya kusaini, uliza ni lini paa na uso wa mbele vilitengenezwa mara ya mwisho. Kupaka uso wa nyumba hizi huhitaji jukwaa, mafundi wa urembo na rangi iliyoidhinishwa, na bili hiyo ikija hugawanywa kwa mgawo wa elfu hata kama dirisha lako linatazama uani.

*Maisha ya kila siku.* Sakafu ya mbao hupeleka kila hatua chini. Zulia husaidia kidogo. Kujaza nafasi kati ya boriti kwa kitu kizito na kuweka tabaka laini chini ya mbao husaidia zaidi, lakini kazi hiyo hufanywa kutoka kwa aliye juu. Upande mwema ni kwamba unaweza kufunga mlango na kuondoka miezi sita, ukijua kuna watu ndani ya jengo watakaoona maji yakitiririka ngazini.

*Inamfaa* anayekuja kwa misimu, anayependa kuwa na majirani, na ambaye bajeti yake haifiki nyumba nzima. Haimfai asiyeweza kusubiri idhini ya watu wengine.

Kwa asiye raia wa Umoja wa Ulaya

Wasomaji wengi wa Kiswahili wamo kundi hili, na mahali penyewe panaweza kubadilisha uamuzi. Visiwa vya mpakani kama Symi, chenye bandari maarufu iliyojaa nyumba za mtindo huu, na Chios na Samos, vinahitaji kibali maalumu kabla ya mkataba. Syros na Nafplio havimo. Kila mnunuzi anahitaji namba ya kodi, AFM.

Kumiliki nyumba peke yake hakukupi haki ya kuishi humo zaidi ya siku 90 katika kila siku 180. Tangu Septemba 2024, kibali cha ukaazi kwa wawekezaji kinataka nyumba moja ya yuro 800,000 huko Attica (mkoa wa Athens), Thessaloniki, Mykonos, Santorini na visiwa vyenye wakazi zaidi ya 3,100, Syros ikiwamo, na yuro 400,000 kwingineko, ikiwamo Nafplio, na ukubwa usiopungua mita za mraba 120. Jengo lililoorodheshwa likikarabatiwa kikamilifu, kiwango kinashuka hadi 250,000, na hilo linaweza kulifanya gofu livutie kuliko hesabu za ujenzi peke yake. Nyumba iliyoleta kibali hicho hairuhusiwi kukodishwa kwa siku chache chache. Na katika wilaya tatu za katikati ya Athens, Plaka ikiwamo, usajili mpya wa ukodishaji wa aina hiyo ulisitishwa kuanzia Januari 2025, kwa hiyo usinunue ghorofa huko kwa hesabu ya mapato ya watalii.

Kulingana na hali yako

Una familia na unataka kuhamia kabla ya mwaka wa shule: nyumba iliyokarabatiwa, lakini tu kama muuzaji ana kibali na picha za kazi. Asipokuwa navyo, ipime kama gofu lenye rangi, na ushushe bei hadi hapo.

Una fedha lakini unaishi mbali na utakuja mara mbili kwa mwaka: gofu litakuumiza hata bei ikiwa tamu. Ghorofa moja, au nyumba nzima yenye msimamizi wa kulipwa.

Unachokipenda ni ufundi wenyewe, una miaka mitatu ya kungoja na akiba ya ziada: gofu. Chagua lenye paa bado limesimama, hata kwa bei ya juu kidogo kuliko lililofunguka.

Unahesabu kila yuro: ghorofa ya katikati katika jengo ambalo paa lake limetengenezwa karibuni na stakabadhi zipo. Ya chini na ya juu zinaweza kuwa za bei ndogo kwa sababu ulizokwisha kuziona.

Umesimama kati ya mbili na muuzaji anataka arubuni: nchini Ugiriki mnunuzi anayejiondoa kwa kawaida huipoteza, na muuzaji anayejiondoa huirudisha maradufu. Kabla hujatoa hata senti, wakili aandike kwenye makubaliano hayo kwamba arubuni inarudi yote ikiwa mhandisi wako hawezi kutoa cheti cha uhalali, ikiwa hati zina mrithi asiyesaini, au ikiwa uchunguzi wa kuta na paa utaonyesha dosari ya muundo ambayo haikutajwa.